Hodi, Bagac: siku tatu na Bibi kwenye nyumba zilizohama

Ijumaa

Mama mkwe alitua Manila, Ufilipino, na mabegi mawili. Moja la nguo zake, la pili la vitu ambavyo kwa hesabu yake huku havipatikani: iliki, bizari, mdalasini, na kilo mbili za mchele wa Mbeya. Mimi kazi yangu ni utafiti wa mpunga. Naishi Los Baños, mji ambao tangu 1960 una taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, ndipo ilipotoka ile mbegu ya IR8 mwaka 1966. Na yeye kaniletea mchele. Sikumwuliza kaupitishaje forodhani.

Wiki ya tatu akaanza kuchoka. "Mwanangu, mpunga nimeuona, mlima nimeuona, soko nimeliona. Nionesheni basi hawa watu walikuwa wakiishi vipi kabla ya hizi nyumba za saruji."

Mke wangu ndiye aliyetaja Las Casas Filipinas de Acuzar, kule Bagac, mkoa wa Bataan. Ni kijiji kizima cha nyumba za kale. Tajiri mmoja wa ujenzi, Jose Acuzar, alizinunua kutoka miji mbalimbali ya nchi, zikafumuliwa ubao kwa ubao na tofali kwa tofali, zikapakiwa kwenye malori, zikasimamishwa upya kando ya bahari. Wageni wanaingia tangu 2010. Mke wangu alieleza yote haya kwa furaha, halafu akasita katikati, maana mama yake alikuwa kanyamaza. Bibi (sote tunamwita hivyo, tumefuata watoto) akimaliza kunyamaza namna ile huwa kuna jambo. Lakini akasema twende.

Tulikodi gari la abiria kumi pamoja na dereva, ambaye tunamwita Kuya, yaani kaka. Hapa ni kama kwetu Unguja, mtu mzima haitwi kwa jina tupu. Mwanamume aliyekuzidi ni Kuya, mwanamke ni Ate, na ukisema na mkubwa unatia "po" kwenye kila sentensi, hata ya kuulizia choo. Kuna na mano: mdogo anauchukua mkono wa mkubwa na kuugusisha kwenye paji lake la uso. Kuya, mtu wa miaka hamsini na kitu, alimfanyia Bibi hivyo mlangoni kwetu asubuhi ile ya kwanza. Bibi, bila kufundishwa na mtu, akajibu, "Marahaba."

Tuliondoka baada ya swala ya Ijumaa, na hilo ndilo kosa. Ijumaa jioni Manila yote inatoka Manila. Ipo barabara ya juu inayovuka jiji zima kutoka kusini hadi kaskazini, na foleni nayo imepanda huko huko juu. Bibi alivuta uradi mpaka tasbihi ikapata joto. Tulipofika upande wa Pampanga mtoto wetu mdogo akatapika, na tulipokwishapita Dinalupihan, tumeshaingia Bataan, tairi la nyuma likapasuka.

Kuya alibadilisha tairi kwa mwanga wa kibanda cha barabarani kilichokuwa kinauza samaki wa moshi na vifuko vya kitu ambacho Bibi alikitambua kabla hajavaa miwani. "Korosho!" Mwenye kibanda akasema, "Kasoy." Wakabishana kwa furaha, kila mmoja kwa lugha yake. Mkorosho si wa kwetu wala si wa kwao, asili yake ni Brazil. Kwetu ulikuja na Mreno, kwao na Mhispania. Tukanunua vifuko vinne, viwili havikufika Bagac.

Palikuwa na upepo mzuri, mkavu. Nikamwuliza Kuya unaitwaje, akasema amihan. Unatoka kaskazini mashariki, unavuma miezi hii ya baridi, na baada ya katikati ya mwaka unageuka, unakuja wa kusini magharibi wenye mvua, wao wanauita habagat. Nikamtafsiria Bibi: kaskazi na kusi. Akasema, "Ndio maana mifupa yangu hainiumi. Imeujua."

Tulifika saa 4 usiku. Sikuona kijiji, niliona madirisha tu. Huku madirisha ya zamani hayana kioo. Wanachukua gamba la chaza bapa, liitwalo kapis, jembamba hata mwanga unapenya, wanalikata vipande vya mraba na kuvipachika kwenye fremu ya mbao, mamia kwa mamia. Taa ikiwashwa ndani, nje unaona rangi ya maziwa yaliyotiwa asali kidogo. Nyumba kama ishirini hivi kwenye giza, zote zinawaka namna hiyo, na bahari inasikika nyuma yake. Watoto walikuwa wamelala. Bibi alisimama uani na mkoba wake begani mpaka mke wangu akamshika mkono.

Jumamosi

Kwetu Unguja kibla ni kaskazini. Hapa ni magharibi, imepinda kidogo tu kwenda kaskazini, na Bagac iko pwani ya magharibi, kwa hiyo alfajiri tulisali tumeelekea baharini. Binti yetu wa miaka kumi na moja akauliza kama Zanzibar iko moja kwa moja hapo mbele. Nikamwambia kwanza kuna Vietnam. Hakuridhika. Kwake yeye bahari ikiwa upande huo basi ng'ambo ni Forodhani.

Chai ilitupa kazi kidogo, maana nguruwe huku yumo hata pale usipomtarajia. Swali letu tunalijua kwa moyo: "May baboy po ba?" Tukaishia kwa samaki wa kukaanga, mayai, maembe na wali. Bibi alionja wali ule mweupe, hauna chumvi wala nazi, akanitazama mimi mtafiti kana kwamba nimehusika.

Saa 3 tukaanza kuzunguka na mwongozaji, msichana aliyevaa kizamani, sketi ndefu na mikono ya gauni iliyotuna kama mabawa ya kipepeo. Kiingereza chake kizuri, mizaha yake imepikwa vizuri, na ana haraka kidogo. Akaanza na neno ambalo lilimkamata Bibi palepale: bahay na bato. Bahay ni nyumba, bato ni jiwe. Nyumba ya mawe.

"Kama Mji Mkongwe," alisema mke wangu.

"Tutaona," alisema Bibi.

Na tukaona kwamba sivyo. Nyumba ya mawe ya Mfilipino ni ya mawe chini tu. Ghorofa ya juu ni mbao, na hiyo ya juu haikukalia ule ukuta wa mawe, imebebwa na nguzo za mti mzima zinazotoka ardhini mpaka paani. Sababu ni matetemeko. Lile la 1863 liliangusha hata kanisa kuu la Manila, na la 1880 likarudia kazi. Watu walikwishajifunza: ardhi ikitikisika, ukuta unaweza kupasuka huko chini, lakini mbao zilizounganishwa kwa kupachikana zinayumba pamoja na nguzo zake, na waliolala juu wanaamka salama. Sisi wa matumbawe na chokaa hatukuhitaji akili hiyo. Adui yetu ni mvua.

Nguzo na sakafu nyingi ni za narra, mti wa taifa lao. Nilipolipigapiga bao na kulinusa nikajua nimeshawahi kukutana na ukoo huu. Narra na mninga ni ndugu wa jenasi moja, Pterocarpus. Rangi ile ile ya asali inayoelekea wekundu. Nilimweleza mwongozaji, akatabasamu kwa adabu na kutazama saa. Watafiti tunachosha watu.

Chini ya kila dirisha kubwa kuna kidirisha kingine kinachofika sakafuni, chenye vijiti vya kuzuia mtu asidondoke. Usiku unafunga kapis juu, unaacha kile cha chini wazi, upepo unapita miguuni. Mdogo wetu alikaa chini kwenye kila kimoja akitoa miguu nje. Juu ya milango ya ndani mbao zimetobolewa maua na majani, hewa inatoka chumba hadi chumba hata mlango ukifungwa. Bibi hilo alilipenda. Alichokikosa ni baraza. Alizunguka nyumba tatu akitazama upande wa barabarani, mwisho akauliza, "Sasa jirani anakaa wapi?" Mwongozaji akaeleza kwamba ghorofa ya chini ilikuwa ya magari ya farasi, ghala, na yale majukwaa ya kubebea sanamu za watakatifu siku za maandamano. Mgeni anapandishwa juu. Bibi akasema nyumba isiyo na baraza inapata habari za mtaa kwa kuchelewa.

Kuna kitu alikuwa akikifanya tangu nyumba ya kwanza, na mimi sikukitilia maanani mpaka mwongozaji aliponong'ona kuniuliza. Kila tulipofika kizingitini Bibi alisimama, akasema "Hodi", akangoja. Watoto waliokwishaingia ndani walimjibu "Karibu", ndipo akavuka. Nilipoeleza, yule msichana akaacha haraka yake. Alisema na wao wanayo. Ukifika nyumba ya mtu unasimama nje unaita, "Tao po!" Tao ni mtu. Unamwambia mwenye nyumba: ni mtu huyu, si jini wala mwizi. Naye anajibu, "Tuloy po kayo", piteni. Kuanzia hapo kila nyumba tukawa tunapigiwa hodi mbili, Bibi kwa Kiswahili na mwongozaji kwa Kitagalog. Ziara ya saa moja ikawa ya mbili na nusu.

Casa Bizantina ndiyo ndefu kuliko nyingine nilizozipenda, ghorofa tatu, imenakshiwa mpaka macho yanachoka. Ilijengwa 1890 Binondo, mtaa wa Wachina wa Manila. Ilipata kuwa shule, ikaja kuwa nyumba ya wapangaji wengi, wakajazana, ikachakaa, mwisho ikafumuliwa na kuletwa hapa. Pale penye jengo la Hotel de Oriente mambo ni mengine: hoteli yenyewe ilikuwa Binondo tangu karne ya 19, ikaangamia vitani, na hii ni mpya iliyojengwa kufuata sura ya ile. Mwongozaji hakulificha hilo. Nilimpenda kwa hilo. Sehemu kama hii inakuwa rahisi kuchanganya kilichohama, kilichokarabatiwa na kilichoigizwa, mpaka mgeni asijue amegusa nini.

Halafu tukafika Casa Hidalgo.

Hii ilijengwa 1867 katika mtaa wa Hidalgo, Quiapo, katikati ya Manila, mchoro wake wa Félix Roxas, msanifu majengo wa mwanzo wa Kifilipino. Ilikuwa ya ukoo wa Enriquez. Mwanzoni mwa karne iliyopita chuo cha sanaa cha Chuo Kikuu cha Ufilipino kilianzia humo, na wachoraji na wachongaji wakubwa wa nchi hii walipanda ngazi hizi wakiwa wanafunzi. Baadaye mtaa ukabadilika, na nyumba ikashuka na mtaa wake. Ikawa bweni, ikawa mahali pa kuchezea bouling, ikawa na kazi nyingine ambazo mwongozaji alizitaja kwa sauti ndogo kwa ajili ya watoto. Mwisho ikauzwa, ikafumuliwa, ikaletwa Bataan. Wapenda majengo ya kale wa Manila walipiga kelele sana: walisema nyumba hutunzwa pale ilipozaliwa, na kwamba ukiing'oa unabaki na mbao tu. Upande wa pili jibu ni fupi, kwamba ingeoza.

Bibi alisikiliza tafsiri yote. Akauliza: "Na pale ilipotoka, sasa pana nini?"

Mwongozaji alifikiri. Alisema huko ni maduka, watu wengi, kelele nyingi. Lakini pale hasa, po, hajui. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

Bibi akaketi kwenye kiti ambacho sina hakika kiliruhusiwa kukaliwa, na hapo ndipo alipotoa lile jambo. Mke wangu analijua, watoto hawakulijua. Nyumba ya baba yake ilikuwa Mji Mkongwe, mtaa wa ndani, na mlango wake ulikuwa wa msaji, umechongwa minyororo pembeni, samaki chini na yungiyungi juu, na misumari ya shaba ambayo yeye na nduguze walikuwa wakiisugua kwa ndimu kila ikikaribia Idi. Baba alipofariki warithi walikuwa kumi na mmoja. Miaka ya tisini akaja mnunuzi, hakuitaka nyumba, aliutaka mlango. Walimpa. Zile pesa zikagawiwa mafungu kumi na moja, na yeye lake alinunulia cherehani. Wakaweka mlango wa mbao za kawaida. Baada ya masika kadhaa dari ikaingia maji, ukuta wa nyuma ukalala, na sasa pale ni ua wa majirani wanaanikia nguo.

"Mlango mzima, uko kwenye hoteli ya mtu, mwanangu. Umepakwa mafuta unang'aa. Nyumba ndiyo iliyokufa. Hawa wamefanya kinyume, wameichukua yote. Sasa mie sijui nani kakosea zaidi."

Mke wangu akajaribu kumtuliza kwa methali, nyumba njema si mlango. Bibi akamwambia methali hiyo aliitunga mtu ambaye mlango wake hajaibiwa. "Haukuibiwa, mama, mliuuza," alisema mke wangu. "Ndio hivyo," alisema Bibi, akaamka kitini.

Mchana miguu yake ilikuwa imekataa mawe ya barabara za hapa, mawe ya mviringo, mazuri kwa picha na mabaya kwa magoti. Tukamwacha ghorofani kwenye upepo na binti yetu, sisi tukaenda kuelea mtoni na yule mdogo. Tuliporudi tukawakuta wamepata kazi. Mezani palikuwa na ubao mrefu wa mti, umechongwa kama mtumbwi, mashimo saba huku na saba huku, na shimo kubwa kila upande. Bibi alikuwa ameshikilia kiganja cha kauri ndogo.

"Hili ni bao," alinitangazia, "ila limekatwa nusu."

Ni sungka. Kauri zao wanaziita sigay. Unachota shimo moja, unasambaza moja moja, na tofauti na bao la kiswahili lenye safu nne za mashimo manane, hapa unapitia pia kwenye ghala lako na kuacha moja. Ate mmoja wa usafi, mama wa makamo, ndiye aliyewafundisha, na sasa alikuwa anacheza na Bibi wote wawili wakiwa wamekunja sura. Bibi alipigwa mara mbili. Mara ya tatu akashinda, na nina shaka yule Ate alimwachia, kwa sababu aliinuka haraka mno kwenda kufagia. Bibi alisema mchezo wenyewe ni wa watoto. Akaomba waucheze tena jioni.

Jioni ile ile tukala bibingka, na naomba nikae hapa kidogo. Ni mchele uliorowekwa ukasagwa, tui la nazi, sukari, unamiminwa kwenye chungu kilichotandikwa jani la mgomba, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Msomaji wa pwani ameshajua nasema nini. Ni mkate wa kumimina. Hauna iliki, na wao wanaweka juu yai la bata lililotiwa chumvi, jambo ambalo Bibi alilitoa kwa ncha ya kijiko na kuliweka pembeni ya sahani bila maoni. Lakini ule ukingo uliokauka, lile jani lililoungua kidogo, ile harufu! Alikula viwili. Akauliza kama mpishi anajua habari za iliki, na kabla sijajibu alikuwa ameshafungua mkoba. Ndani ya mkoba ilikuwamo iliki. Mpishi aliinusa, akasema "salamat", asante, neno ambalo lilifika huku na maneno ya Kiarabu yaliyopitia Umalei, ni ndugu wa salama yetu. Bibi akamjibu, "Salama, salama," na kila mmoja akaondoka akidhani kaeleweka. Na kwa kweli alieleweka.

Jua lilizama baharini saa 12 na dakika chache. Unguja ilikuwa saa 7 mchana. Bibi akampigia dada yake, akamweleza habari za chakula, mwanzo hadi mwisho.

Jumapili

Bagac kuna alama ya barabarani ambayo ungeipita bila kuiona, nguzo nyeupe fupi. Ni kilomita ya sifuri ya Maandamano ya Kifo. Bataan ilianguka mikononi mwa Wajapani tarehe 9 Aprili 1942, na wanajeshi kiasi cha 75,000 wa Kifilipino na Kimarekani, Wafilipino wakiwa wengi zaidi, wakasalimu amri wakiwa na njaa na malaria. Wengine walianzia Mariveles, wengine hapa, wakatembezwa juani mpaka San Fernando, kwa walioanzia Mariveles umbali unaokaribia kilomita 100, kisha wakasukumwa ndani ya mabehewa. Maelfu hawakufika. Karibu na hapo upo mnara wa urafiki wa Wafilipino na Wajapani, wa 1975. Kuya alisimamisha gari bila kuombwa. Alisema babu yake alitembea. Hakuongeza neno.

Mimi nikamwambia wa kwetu walikwenda Bama, Myanmar ya leo, kupigana na Mjapani huyo huyo. Mzee mmoja wa mtaa wetu alirudi na bakora na neno moja la Kibama la matusi. Kuya akacheka, tukaendelea.

Mlima Samat uko njiani, na juu yake msalaba wa zege unaopita mita 90, unaonekana tangu Balanga. Ukungu ulikuwa umeufunika nusu. Tulikaa dakika ishirini, watoto walitaka lifti ya kupanda mpaka mikononi mwa msalaba, na foleni ilikuwa ndefu. Tukashuka.

Mpango ulikuwa kwenda nyumbani moja kwa moja. Kwenye barabara kuu ya kaskazini mke wangu akasema watoto wana njaa ya nyama, siku tatu samaki. Manila, ukitaka chakula cha halali pasipo kuuliza swali, unakwenda Quiapo, kwenye mitaa inayouzunguka Msikiti wa Dhahabu, ule uliojengwa 1976 kwa ajili ya ziara ya Gaddafi ambayo haikufanyika. Nikasema sawa. Bibi, ambaye nilidhani kasinzia, akasema nyuma yangu, "Quiapo si ndiko ilikotoka ile nyumba?"

Tulisali Adhuhuri na Alasiri msikitini, kuba lake la rangi ya dhahabu limefifia kidogo kwa moshi wa jiji. Tukala kwa Wamaranao, Waislamu wa Mindanao: kuku wa piaparan, nazi iliyokunwa, manjano, na palapa, ambayo ni kitunguu cha majani, tangawizi na pilipili, kali kweli. Wali wake wa njano. Bibi alitafuna kimya, akasema, "Hawa ndio wanaojua nazi." Tangu afike nchi hii hajasifu kitu kwa maneno machache namna hiyo.

Mtaa wa Hidalgo hauko mbali, lakini Jumapili Quiapo haupiti kwa gari. Tukatembea polepole, Bibi kati yangu na mkewe mtoto wake, yaani mke wangu, nimechanganya hata mimi kwa lile joto. Mishumaa ya rangi, dawa za mizizi ndani ya chupa, redio, simu, maembe mabichi ya kuchovya kwenye chumvi, watu, watu. Mtaa wa nyuma tukaipita nyumba ya Nakpil-Bautista, ya 1914, bahay na bato ambayo imebaki palepale ilipojengwa. Ilikaliwa na Gregoria de Jesus, mjane wa Andrés Bonifacio mwanamapinduzi. Sasa ni makumbusho. Nyaya za umeme zimepita mbele yake kama kamba za kuanikia, na mtu kaegesha pikipiki chini ya dirisha la kapis. Bibi aliitazama sana. "Hii ina majirani," alisema.

Mwisho wa mtaa wa Hidalgo linaonekana kanisa la San Sebastian, lote la chuma, la 1891, vipande vyake vililetwa kwa meli kutoka Ubelgiji. Katikati ni maduka ya kamera na mabao ya bidhaa. Nyumba nilikuwa nayo kwenye simu, picha tuliyoipiga jana. Nilimwonesha mwuza maji, nikamwonesha mzee wa duka la lenzi, nikamwonesha askari wa lango. Mmoja alinyoosha kidole upande wa kushoto, mmoja upande wa kulia. Wa tatu alisema nyumba hiyo iko Bataan.

Bibi hakutusubiri. Alikuwa ameshachagua mahali pake, ukuta wa saruji wenye geti la chuma la kukunja, limefungwa, mbele yake kijana kakaa kwenye ndoo anauza kamba za kuvalia kamera. Bibi akasimama, akarekebisha buibui lake, akapisha toroli.

"Hodi," alisema. Akangoja. Kisha, kwa lafudhi ya Mkunazini, "Tao po."

Yule kijana akainua macho, akatazama geti lililofungwa nyuma yake, akamtazama Bibi. Akasogeza ndoo yake pembeni kidogo, kama mtu anayempisha mgeni njia.

"Tuloy po," alisema.